Chini ya Nyaya za Umeme: Ugomvi wa Wawindaji Uliozaa Elimu

Mtu asafiriye kwa motokaa kutoka Jinja kwenda Tororo hakosi kuziona nyaya nene za umeme zipitazo juu ya mashamba na vichaka, zikichukuliwa na minara mirefu ya chuma. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, nyaya za namna hiyo zimezidi kuongezeka nchini mwaka hata mwaka. Chini yake daima pana ukanda wa ardhi usio na miti mirefu. Mkulima huutamani kwa maharagwe yake, mchungaji hupitisha mbuzi wake, na watoto wa kambini huufanya uwanja wa mpira ijapokuwa wamekatazwa. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyepata kujiuliza kama ndege, sungura na nyuki nao wana fungu lao katika ukanda huo?

Swali hilo liliulizwa kwa hasira nchini Marekani zaidi ya miaka 70 iliyopita, na walioliuliza hawakuwa wataalamu bali wawindaji wenye bunduki zao begani.

WALIOANZA NI WAWINDAJI

Katika jimbo la Pennsylvania, uwindaji si mchezo wa matajiri peke yao. Mfanyakazi wa kiwandani, askari polisi, mwalimu na mkulima, wote hungoja majira ya kuwinda, na nyama ya kulungu hutiwa akiba nyumbani kwa miezi ya baridi. Serikali ya jimbo hilo hununua misitu kwa ajili ya wanyama na wawindaji, na kila msitu hupewa nambari yake. Msitu wa nambari 33 uko katika wilaya ya Centre, karibu na mji mdogo wa Philipsburg. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 njia mpya ya nyaya za umeme ilipasuliwa katikati ya msitu huo.

Kabla ya hapo, kazi ya kusafisha chini ya nyaya ilikuwa ya shoka na panga. Lakini katika miaka ya 1940 zilipatikana dawa mbili za kuua mimea, moja huitwa 2,4-D na nyingine 2,4,5-T. Dawa hizo huua mimea yenye majani mapana na kuacha nyasi. Makampuni ya umeme yalizishangilia, kwani mtu mmoja mwenye bomba mgongoni aliweza kufanya kazi ya watu wengi wenye mapanga. Wawindaji walipoona majani ya vichaka yamenyauka na kugeuka rangi ya kutu kila mahali nyaya zilipopita, walipiga kelele. Walisema kwamba chakula cha kulungu kinaangamizwa, kwamba sungura watakufa, na kwamba mali ya umma inaharibiwa kwa faida ya kampuni.

Hapa ndipo habari hii inapopata thamani yake. Aghalabu ugomvi kama huo humalizika kwa barua magazetini na maneno makali mikutanoni. Safari hii pande zote zilikubali kungoja na kupima. Mwaka 1953 wataalamu wawili wa misitu, William Bramble na W. Richard Byrnes, waligawanya njia ile ya nyaya katika vipande. Vipande vingine vilikatwa kwa mkono tu, bila dawa hata tone moja. Vingine vilipigwa dawa majani yote. Vingine vilipakwa dawa sehemu ya chini ya mashina ya miti tu, mahali pengine wakati wa joto na mahali pengine wakati wa baridi. Kisha wataalamu wakaanza kuhesabu mimea, nyayo za wanyama na mahali walipolisha.

Msomaji mwenye hekima atauliza ni nani aliyelipa gharama. Ni haki kulisema wazi: pamoja na idara ya wanyama ya jimbo na chuo kikuu, walishiriki pia kampuni ya umeme, kampuni ya kukata miti na viwanda vilivyouza dawa zenyewe. Kwa hiyo matokeo yaliwafaa baadhi ya waliotoa fedha, na hilo lazima likumbukwe. Walakini vipande vile viko pale hadi leo, na wachunguzi wa vizazi vilivyofuata wamekwenda kuvitazama kwa macho yao wenyewe.

KISIKI HAKIFI

Jambo la kwanza lililoonekana ni lile ambalo kila mama aliyepata kukata mti wa kuni nyuma ya nyumba analijua. Ukikata mwaloni na kuacha kisiki, hukuuua. Mizizi yake mikubwa imebaki ardhini na akiba yake yote ya chakula, nayo hutoa machipukizi matano au kumi mahali palipokuwa na shina moja. Miaka michache ikipita, vipande vilivyokatwa kwa mkono peke yake vilijaa miti michanga iliyosongamana kuliko mwanzo. Wakataji wakarudi, wakakata, na visiki vikachipua tena. Mkalitusi wetu una tabia iyo hiyo.

Katika vipande ambamo miti mirefu iliuawa tangu mizizi na vichaka vifupi kuachwa, mambo yalikwenda vingine. Yalitanda makangaga, nyasi za aina nyingi, maua ya manjano ya mwituni, na vichaka vya matunda madogo ya rangi ya samawati. Mimea hiyo mifupi ilishika ardhi barabara kama kikosi kilichokwisha kuchimba mahandaki. Mbegu ya mwaloni ikianguka hapo, kwanza hukosa nuru. Ikiota, hunyang'anywa maji na mizizi iliyotangulia. Isitoshe, panya wa porini wajifichao chini ya makangaga hula mbegu nyingi kabla hazijaota, na sungura na kulungu hutafuna miche iliyofanikiwa kutokeza. Basi wanyama wale wale ambao wawindaji walikuwa wakiwahofia wakawa vibarua wa kampuni ya umeme pasipo mshahara.

Na je, wanyama walikimbia? La. Kulungu walionekana wakilisha katika njia ya nyaya, pamoja na sungura, bata mzinga wa mwituni na ndege wa jamii ya kwale. Matunda yakiiva, dubu nao hufika kula. Msitu mzito wa miti iliyokomaa una kivuli kingi na majani machache karibu na ardhi, kwa hiyo ukanda wenye jua na vichaka ni kama bustani ya mboga kwa wanyama wakaao msituni.

Katika miaka ya 1980 Bramble na Byrnes waliyaweka mafunzo hayo katika kanuni ambayo sasa inafuatwa katika nchi kadhaa. Njia ya nyaya hugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kati, chini ya nyaya zenyewe na kama mita tatu kupita waya wa nje kila upande, huachiwa nyasi, maua na vichaka vifupi tu. Sehemu za pembeni, kutoka hapo mpaka ukingo wa msitu, huruhusiwa vichaka virefu zaidi na miti mifupi isiyozidi mita saba na nusu hivi. Mtu akisimama mbali na kutazama ataona umbo kama la bakuli: chini katikati, na kupanda taratibu pande zote mbili mpaka kwenye miti mikubwa. Ndege mwenye kupenda nyasi hupata mahali pake, mwenye kupenda vichaka hupata pake, na fundi wa umeme huweza kupita na gari lake bila kuchanwa na miiba.

WALIOHOFIA DAWA HAWAKUKOSEA KABISA

Itakuwa udanganyifu kuishia hapo, kana kwamba wawindaji walikuwa wajinga na viwanda vilikuwa na haki yote. Mwaka 1962 mwanabiolojia Bibi Rachel Carson alichapisha kitabu chake Silent Spring. Ndani yake alishutumu vikali upigaji wa dawa ovyo kando ya barabara na chini ya nyaya, ambako mashine zilimwaga sumu juu ya kila jani bila kuchagua. Hakukataa matumizi yote. Alisifu njia iliyopendekezwa na mtaalamu wa mimea Frank Egler, yaani kuutafuta mti mmoja mmoja usiotakiwa na kuutia dawa huo tu, na kuviacha vichaka vingine viendelee kulinda ardhi.

Wasomaji wetu walio askari wamepata kusikia habari za vita vya Vietnam. Kuanzia mwaka 1962 hadi 1971 majeshi ya Marekani yalimwaga kutoka angani lita zaidi ya milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili adui akose majani ya kujifichia na mashamba ya kumlisha. Dawa iliyotumika kuliko zote ilikuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa 2,4-D na 2,4,5-T, ndizo zile zile zilizokuwa zikipigwa chini ya nyaya za Pennsylvania. Baadaye ilidhihirika kwamba 2,4,5-T ilipotengenezwa viwandani ilichanganyika na sumu kali iitwayo dioksini. Madhara yake yamewafuata wanakijiji wa Vietnam, na pia askari wa Marekani waliozishika dawa hizo kwa mikono yao. Mwaka 1979 Serikali ya Marekani ilisimamisha matumizi mengi ya 2,4,5-T, na mwaka 1985 ikaifuta kabisa.

Kwa hiyo pande mbili za ugomvi ule kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Wawindaji walikosea kuhusu chakula cha kulungu, lakini hofu yao juu ya kile kilichomo ndani ya mapipa ilikuwa na msingi. Siku hizi kazi hiyo hutumia dawa nyingine, kwa kiasi kidogo na kwa kuchagua mti, na mahali pengine hutumiwa panga na mashine pekee. Mwandishi wa makala haya angependa kuona dawa ikitiwa kwenye kisiki kwa brashi kuliko kumwagwa kwa bomba, hasa mahali ambapo kina mama huchota maji ya kunywa.

USIKU WA GIZA KUU

Huenda msomaji akafikiri kwamba mambo ya vichaka ni ya kupitisha wakati. Basi na asikie yaliyotokea tarehe 14 Agosti, 2003.

Waya ukipitisha umeme mwingi hupata joto, na ukipata joto hurefuka na kulegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo zilizolowa. Siku hiyo ya kiangazi, katika jimbo la Ohio, mojawapo ya nyaya kubwa za volti 345,000 ulilegea mpaka ukaukaribia mti uliokuwa umeachwa kukua kupita kiasi. Si lazima mti uguse waya. Umeme wa nguvu hiyo huruka hewani kuufikia. Ilikuwa saa tisa alasiri na dakika chache. Waya ule ukajizima, na mzigo wake ukahamia kwenye nyaya nyingine, nazo zikapata joto na kulegea. Katika muda usiotimia dakika 40, nyaya tatu za namna hiyo zilikuwa zimegusana na miti, ijapokuwa hazikuwa zimebeba umeme kupita uwezo wake. Mitambo ya kuonya ilikuwa imeharibika pasipo wasimamizi kujua. Ilipofika saa kumi na dakika kumi hivi, umeme ulizimika katika majimbo manane ya Marekani na jimbo la Ontario katika Kanada. Watu wapatao milioni 50 walibaki bila umeme. Mjini New York magari moshi ya chini ya ardhi yalisimama, na wafanyakazi kwa maelfu wakavuka madaraja kwa miguu kurudi makwao.

Baada ya aibu hiyo, sheria ya mwaka 2005 ilifungua njia ya kuweka kanuni za lazima kuhusu miti iliyo karibu na nyaya kubwa. Kampuni yenye kuzembea hutozwa faini. Kanuni hizo zilileta usalama, lakini zilileta pia pupa: mahali pengine makampuni yalifyeka kila kitu, vichaka vifupi pamoja na miti mirefu, wakisahau somo la msitu wa nambari 33, kwamba ardhi iliyoachwa tupu huwa ya kwanza kukaribisha miti.

VIPEPEO, NYUKI NA SUNGURA

Katika majimbo ya kaskazini mashariki ya Marekani mashamba mengi ya zamani yaliachwa na wenyewe, yakarudi kuwa msitu. Hilo ni jema kwa miti, lakini viumbe wanaohitaji vichaka na jua wamepungukiwa na makao. Sungura wa New England ni mmojawapo, na njia za nyaya ni baadhi ya mahali pachache ambapo bado anapata vichaka vya kujificha.

Kuna kipepeo mdogo wa rangi ya buluu, aitwaye Karner, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hayazidi sana sentimita mbili na nusu. Mwandishi maarufu wa riwaya Vladimir Nabokov, aliyekuwa pia mtaalamu wa vipepeo, ndiye aliyemweleza kwa wataalamu wenzake mwaka 1944. Viwavi wake hula mmea mmoja tu duniani, nao ni lupini ya mwituni, na mmea huo hautaki kivuli. Serikali ya Marekani ilimwandika kipepeo huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1992. Katika jimbo la New York sehemu kadhaa za makao yake ziko chini ya nyaya za umeme. Kama ukanda haukufyekwa, miti inaifunika lupini na kipepeo anakufa. Kama ukifyekwa vibaya, wakati viwavi wako juu ya majani, anakufa vile vile. Tarehe ya kufyeka imekuwa jambo la uhai na mauti.

Nyuki nao wamechunguzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, uliofanywa katika jimbo la Maryland, ulilinganisha ukanda wa nyaya ulioachiwa vichaka na maua, na viwanja vya nyasi zilizokatwa kila mara. Chini ya nyaya zilipatikana aina nyingi zaidi za nyuki wa mwituni, na wengine walikuwa adimu. Na mwaka 2020 idara ya wanyama ya Serikali ya Marekani na Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago walifikia mapatano ambayo makampuni ya umeme na idara za barabara huweza kujiunga nayo, wakiahidi kutunza makao ya kipepeo aitwaye monaki katika ardhi zao. Viwavi vya monaki hula mmea wenye utomvu mweupe kama maziwa, ambao hapo kwanza wafyekaji waliuhesabu kuwa gugu.

Hata hivyo, ukanda wa nyaya si neema kwa kila kiumbe. Wako ndege wa Pennsylvania wanaotaka msitu mnene usiokatika, na kwao kila njia inayopasuliwa ni hasara. Utunzaji mzuri wa vichaka hauwezi kuwarudishia kivuli walichonyang'anywa.

MBEGA WA DIANI

Jirani zetu wa Kenya wana habari yao katika jambo hili. Huko Diani, katika pwani ya kusini ya Mombasa, msitu wa asili umekatwakatwa na hoteli, nyumba na barabara, na katikati yake wanaishi mbega, wale kima weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Mbega hupenda kurukia mti hadi mti kuliko kutembea chini. Akikuta tawi limefika karibu na waya, waya kwake ni tawi jingine. Ndege akitua juu ya waya mmoja hadhuriki, kwa kuwa hagusi kitu kingine, lakini mbega mwenye mkia mrefu na mikono mirefu hugusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na nguzo, na hapo umeme hupita mwilini mwake. Kumbukumbu zilizowekwa kwa karibu miaka 20 zimeonyesha kwamba kati ya aina za nyani na kima wa Diani, walioumizwa zaidi na umeme ni mbega, na wengi wao hawakupona.

Tangu mwaka 1997 liko shirika huko lishughulikalo na mbega. Hukata matawi yanayokaribia nyaya kwa kushirikiana na mafundi wa umeme, na nyaya zilizo mahali pa hatari hufunikwa. Juu ya barabara shirika hilo limetundika madaraja ya kamba, na mbega huvuka humo kwa utulivu huku magari yakipita chini. Angalia tofauti: Pennsylvania kazi ni kuwavuta wanyama waje chini ya nyaya, Diani kazi ni kumzuia mnyama asizifikie. Panga ni lile lile, lakini lazima kwanza mtu amjue mnyama.

KWA WENYE NYUMBA KARIBU NA NYAYA

Familia nyingi za askari hukaa katika nyumba zilizo karibu na nyaya, na baadhi ya mambo haya huwahusu moja kwa moja. Mti wa kukua sana, kama mkalitusi au mwembe, usiupande karibu na njia ya nyaya kuliko urefu ambao mti wenyewe utafikia siku moja, kwani upepo hauchagui upande wa kuuangusha. Tawi likisha kukaribia waya, usimpandishe kijana na panga; peleka habari kwa watu wa umeme. Usichome majani makavu chini ya nyaya kubwa, maana moto na moshi mzito huweza kuufanya umeme uruke mpaka ardhini.

Maharagwe, viazi vitamu na njugu hazina matata chini ya nyaya, maadamu wenye njia wameruhusu kulima. Ukiacha kando ya shamba mstari wa vichaka vyenye maua, nyuki watakuwa karibu wakati maharagwe yanapochanua. Na mkebe uliokuwa na dawa ya magugu usitiwe maji, maziwa wala mafuta ya taa, hata ukioshwa mara kumi. Utobolewe na kuzikwa mbali na kisima.

Huko Pennsylvania uchunguzi haujakoma. Wale wawili walioanza wamekwisha kuwaachia wengine kazi, lakini kila majira ya joto watu huenda tena katika msitu wa nambari 33 na madaftari yao, wakahesabu ndege, nyuki na vyura chini ya nyaya zinazovuma. Vichaka vya matunda ya samawati bado vipo, na dubu bado huja. Vipande vya kukatwa kwa mkono navyo bado vinakatwa kwa mkono kila baada ya miaka michache, na kila mara wakataji wanapofika hukuta machipukizi ya mwaloni yamekwisha kuwapita vimo.